Mwanamke wa Katikati ya Mstari

Asubuhi moja nilikuwa namenya viazi, waru za mchana, redio imewashwa dirishani. Mwanamume mwenye sauti ya kusoma sana alikuwa anaeleza kwa nini wafanyakazi wa serikali hawafanyi kazi. Alisema hawana motisha. Alisema dawa iko ya namna mbili, motisha ya pesa na motisha isiyo ya pesa, na mkubwa mwenye akili anajua kuzichanganya, kama vile mtu anavyochanganya chakula cha kuku ili watage.

Hapo nikaweka kisu chini. Mimi nimekuwa kuku huyo.

Nilifagia soko la serikali tangu wakati wa kaunsili mpaka kaunti ilipokuja, mpaka magoti yakaniambia basi. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo nikikosea mahali mtanivumilia. Lakini habari ya motisha sitafundishwa na redio. Soko lenyewe sitalitaja. Liko upande wa Kieni, kule kukavu, ambapo upepo unashuka kutoka mlimani asubuhi na kukurudishia vumbi usoni kama umeukosea.

Tulikuwa wanawake tu, kikundi kidogo, na tulifagia kwa mstari. Hiyo ndiyo habari yenyewe, wacha niieleze vizuri.

Mimi nilizaliwa Giakanja. Kwetu akina mama walikuwa wakilima kwa ngwatio, leo wote shambani kwa huyu, kesho wote kwa yule. Wanasimama mstari mmoja, bega kwa bega, wanapanda na mteremko pamoja. Mwenye mimba kubwa, au aliyetoka kuugua, anawekwa katikati. Hasemwi. Hakuna anayemwambia pole. Wale wa kushoto na kulia wanapanua tu mkono kidogo, wanamlia kipande chake huku na huku, yeye anabaki na kamba nyembamba ya udongo, na mstari unafika juu ukiwa umenyooka. Ukitazama kutoka barabarani huwezi kujua nani mgonjwa.

Nilipoingia sokoni niliwakuta wenzangu wanafagia hivyo hivyo, kwa sababu nao walilelewa na mama kama wangu. Tulianza upande wa juu, upepo ukiwa mgongoni, tukashuka na maganda ya njegere, majani ya kabichi, nywele za mahindi, na zile pumba wanazoacha akina mama wa mchele wanaotoka Wang'uru. Chini kabisa kulikuwa na shimo la taka. Tukifika shimoni, soko ni jeupe. Hakuna aliyekuwa na sehemu yake. Soko lilikuwa letu lote.

Katikati ya mstari alikuwa mwenzangu mmoja ambaye tuliingia kazini pamoja. Msimu mmoja wa mvua aliteleza kwenye majani ya kabichi akiwa amebeba pipa, akaanguka upande. Nyonga yake haikupona sawasawa. Alitembea kama mtu anayevuka mtaro kila hatua. Ofisini hakusema, nasi hatukusema. Mikataba yetu ilikuwa inafanywa upya kila mwaka, katikati ya baridi ya Julai, na anayeonekana hawezi kazi anaambiwa asante, nenda nyumbani. Yeye alikuwa amebakisha muda mfupi tu afike umri wa kustaafu apewe malipo yake ya mwisho. Akitolewa kabla, anaondoka na mikono mitupu. Na nyumbani alikuwa na wajukuu wawili wa binti yake aliyefariki. Kwa hivyo mnaelewa. Hatukuwa tunamwonea huruma. Tulikuwa tunamvusha.

Ndipo akaja kijana wa ofisi.

Alikuwa ofisa mpya wa masoko, viatu vimechongoka mbele, adabu anayo, siwezi kumsingizia. Alitukusanya chini ya bati la wauza nguo akatuambia serikali imeona kazi yetu. Akasema kuanzia sasa kutakuwa na mfanyakazi bora wa mwezi. Atapewa bahasha, hiyo ni motisha ya pesa. Atapewa cheti, na picha yake itaning'inizwa ofisini ukutani, hiyo ni motisha isiyo ya pesa. Ndiyo, ni maneno yale yale ya redio. Nafikiri huwa wanayanunua duka moja.

Akauliza kama kuna swali. Wenzangu walitazama viatu vyake. Mimi nikasimama.

Nilimwambia habari ya choo. Choo cha soko tunakiosha sisi, kila siku, kwa mikono yetu, lakini kina mlango na mlangoni ameketi mtu wa kukusanya pesa, na sisi tukitaka kuingia tunalipa kama msafiri aliyeshuka kwenye gari. Nikamwambia habari ya gambuti pia, kwamba walituletea za wanaume na tunajaza matambara mbele ili zisitoke mguuni. Na mshahara, ambao ulikuwa unakuja siku unayojisikia. Nikasema, kama ofisi inatafuta motisha, ianzie hapo, hakuna haja ya kupiga mtu picha.

Akaandika. Akasema choo kiko idara nyingine, gambuti ni ununuzi, na mshahara unatoka juu.

"Shosho, mimi nilichopewa ni hiki cha motisha," akasema.

"Mimi ni shosho wa watoto wa binti yangu," nikamwambia. "Hapa mimi ni mfanyakazi kama wewe. Na nimekusikia. Umepewa sukari, chai iko idara nyingine."

Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Hata yeye alicheka, kidogo, akitazama pembeni.

Wiki iliyofuata soko likapakwa rangi. Mistari myeupe chini, kutoka juu hadi shimoni, kama kiwanja cha watoto wa shule. Kila mmoja akapewa kipande chake, ili ofisa akipita ajue huyu kafagia, yule hakufagia. Alisema bila hivyo hawezi kupima. Na ni kweli, tulivyokuwa tunafagia hakuna mtu angeweza kutupima. Ndiyo maana tulifagia hivyo.

Sasa nitawaambia motisha inafanya nini. Siku za kwanza kila mtu alifagia kwake mpaka mawe yakang'aa. Baadaye kidogo, asubuhi ukifika unakuta majani ya kabichi yako kwako, na jana jioni uliyaona kwa jirani. Upepo, jirani anasema. Upepo gani unaobeba kabichi. Nawe unayasukuma mbele. Taka za soko letu zikaanza kutembea, zinavuka mstari mmoja hadi mwingine, hakuna anayezitaka, na mwisho zinalala pale ambapo mwenyewe hana nguvu ya kuzisukuma. Mnajua ni wapi. Kipande cha mwenzangu wa nyonga kilikuwa kimepigwa mstari huku na mstari kule kama kaburi, na yeye ndani yake na ufagio, akiinama na kushika kiuno, taka zikimjia kutoka pande mbili. Sisi tulipita tukiangalia chini. Ukifagia kwake kipande chako kinabaki, na ofisa anakaribia na simu yake ya kupiga picha.

Mwezi wa kwanza akashinda mdogo wetu, mama mmoja kijana mwenye mikono mirefu kama reki. Alipewa bahasha yake, tukapiga makofi. Kesho yake akataka mtu wa kumshikia pipa la taka walimwage, hakumpata. Kila mmoja alikuwa na shughuli. Alilivuta pipa peke yake hadi shimoni, na nilimwona akifuta uso kwa kanga, na haikuwa jasho.

Mwezi wa pili ofisa alimwita mwenzangu wa nyonga pembeni. Hakuwa mkali. Alimwambia kipande chake kimekuwa cha mwisho mara zote, kwamba Julai iko karibu na yeye hatakuwa na la kusema juu yake. Mwenzangu alirudi, akaketi kwenye gunia tupu la vitunguu. Hakulia. Alisema tu kwamba anafikiria kuwapeleka wale wajukuu kwa shemeji yake Karatina, ingawa shemeji hana nafasi wala hana moyo.

Siku hiyo sikunywa chai ya saa nne. Niliwaita wote nyuma ya choo, mahali pekee ambapo ofisi haikanyagi.

Mimi sijui kuzungusha maneno. Niliwaambia kwamba sisi ni wajinga. Kwamba tumewekewa ugali katikati tukaanza kupigana kwa vijiko. Kwamba mama zetu walilima milima ya Nyeri bila bahasha na hakuna aliyeachwa chini ya mteremko, na sisi hapa kwenye tambarare tumemwacha mwenzetu kwa ajili ya picha.

Yule mdogo, mshindi, ndiye aliyenijibu. Na alinijibu vizuri, sitaficha.

"Mama, wewe wako walimaliza shule," akasema. "Mimi niko na wa sekondari. Ile bahasha si picha. Ilienda kwa mwalimu ikiwa bado moto. Usiniambie ati pesa ni upuzi."

"Sijasema pesa ni upuzi. Anayesema pesa ni upuzi huwa ameshakula."

"Basi unataka niiache?"

"Nataka uipate. Kila mtu aipate kwa zamu yake. Lakini ya kwanza ni ya huyu."

Nikaonyesha kwa mdomo. Mwenzangu wa nyonga alikuwa amesimama ukutani, na aliposikia hivyo alikasirika kweli kweli. Alisema hataki sadaka. Alisema yeye si kiwete wa kukaa mlangoni kwa kanisa, na kama amechoka atajitoa mwenyewe. Nikamwambia anyamaze, si sadaka, ni kazi, na atafagia kama tunavyofagia sisi. Nikamuuliza ni nani alikuwa anaongoza mwendo wa mstari miaka yote ile. Wengine wakaanza kutazamana.

Kwa sababu jambo hilo tulikuwa tunalijua bila kulisema. Mstari unakwenda kwa mwendo wa aliye katikati. Ukitaka kukimbia mbele huwezi, mstari utavunjika, kwa hivyo unangoja, na ukingoja unaona. Unaona ganda lililojificha chini ya meza. Unaona maji yaliyosimama. Soko letu lilikuwa safi kwa sababu ya nyonga yake. Tangu tulipoanza kukimbizana kila mtu kipande chake, tulikuwa tunang'arisha pale ofisa anapotazama, na chini ya meza za wauza samaki kulikuwa kunanuka.

Yule mdogo akavuta pumzi. Akasema sawa, lakini mwezi unaofuata ni wake. Nikasema ni wake. Akasema na mtu amshikie pipa. Watatu wakasema watamshikia.

Basi tukarudi kwenye mstari. Tulikuja mapema kabla ya wachuuzi kufunua meza, tukasimama juu, upepo mgongoni, mwenzangu katikati. Ile rangi nyeupe tuliikanyaga tu, haikututisha. Tulifagia mpaka shimoni, halafu tukachukua ndoo tukaosha chini ya meza za samaki. Ofisa alipofika na simu yake, kila mmoja alikuwa amesimama kwenye kipande chake na ufagio, kama ameambiwa. Alipita kipande kwa kipande. Akarudi juu akapita tena. Vyote vilikuwa sawa.

Alikuja hivyo wiki nzima na nyingine. Mwishowe akaniuliza mimi, maana alishajua ni mimi, nani mwezi huu amefanya vizuri kuliko wote. Nikamwambia. Akanitazama sana.

"Yule?"

"Yule. Kawaulize wenzangu. Na uwaulize wauza samaki."

Akauliza. Wote walisema jina moja, na wauza samaki walisema siku hizi wanaweza kula chakula chao cha mchana pale pale walipo. Ofisa hakuwa na la kufanya. Alihitaji mtu mmoja, na mtu mmoja alipewa.

Siku ya kutoa bahasha wakaja wakubwa kutoka Nyeri mjini, wakaweka hema na viti vya plastiki. Mkubwa mmoja alihutubia muda mrefu juu ya ushindani, akisema mnaona sasa, ushindani umeleta soko safi. Sisi tulikuwa tumekaa nyuma, gambuti zetu kubwa zimejaa matambara, tukipiga makofi kila anaposema ushindani. Mwenzangu alipoitwa, alitembea kwenda mbele kwa ule mwendo wake wa kuvuka mtaro. Nilimwona ofisa akimtazama miguu. Nikajua kwamba ameelewa.

Alinifuata jioni nikiosha fagio.

"Mama, mlinichezea," akasema. Sasa ilikuwa mama, si shosho.

"Soko ni safi ama si safi?"

"Ni safi."

"Basi nani amechezewa?"

Alitazama soko lote mpaka shimoni. Kisha akasema yule mama hawezi kusukuma hata wilbaro, na yeye amesimama mbele ya wakubwa akamwita mfanyakazi bora, na kama wangemuuliza angesema nini. Nikamwambia angesema ukweli. Kwamba mama yule ndiye anayetufundisha mwendo. Kwamba ukimtoa, utabaki na wanawake wenye nguvu wakirushiana kabichi. Hilo ulishaliona kwa macho yako, nikamwambia, ulilipiga mpaka picha.

"Mimi nami napimwa," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Nikisema zawadi imeshindwa, ni mimi nimeshindwa."

Nilimhurumia hapo, kidogo. Naye alikuwa amepigiwa mstari huku na mstari kule. Nikamwambia asiseme imeshindwa. Aendelee kuleta bahasha, sisi tutamletea jina. Lakini atutafutie ufunguo wa choo.

Hakuahidi. Alikwenda zake.

Julai ikaja na ukungu wake na mikataba ikaitwa. Mwenzangu aliingia ofisini kwa zamu yake, na ukutani juu ya kichwa cha karani ilikuwa picha yake mwenyewe, kashika cheti, amekunja uso kwa sababu ya jua. Nani angethubutu kumfukuza mtu chini ya picha yake? Alitia kidole kwenye mkataba. Alifanya kazi mpaka siku yake ya kustaafu, akalipwa haki yake, wajukuu hawakwenda Karatina. Ile bahasha ya motisha hatukugawana. Wengine walidhani atanunua soda. Hakununua. Ilikuwa yake, alinunua bati za jiko, na ni sawa. Mimi sipendi watu wanaofikiri maskini lazima agawe kila kitu ndipo waone ana roho nzuri.

Zamu ziliendelea, na yule mdogo alipata yake kama tulivyopatana. Ufunguo wa choo ulikuja baada ya mvua ndefu. Ofisa aliuleta mwenyewe mfukoni, ameufungia kamba nyekundu, akanipa bila hotuba. Gambuti za wanawake hatukuziona mpaka nikaondoka.

Kwa hivyo mtu wa redio, nakujibu kutoka jikoni kwangu. Pesa tunazitaka, zije siku yake. Cheti unaweza kuleta, kitakaa ukutani. Lakini usije kutukata vipande halafu ukaita hiyo motisha. Tulikuwa nayo kabla hujafika, ilikuwa imesimama bega kwa bega, na wewe ukaleta rangi.

Mwaka wangu wa mwisho, mwenzangu akiwa ameshastaafu, tulikuwa tunajipanga juu ya soko asubuhi, baridi ya kukata masikio. Mimi siku zote nilisimama mwisho wa kulia, upande mgumu wa wauza viazi. Yule mdogo, ambaye sasa alikuwa na mvi mbili tatu, akaja akachukua pale pangu.

"Sogea katikati, mama," akasema.

Nikamwambia magoti yangu ni mazima kuliko ya mama yake. Alipanua mkono, na wa kando yangu huku na huku nao wakapanua, nami nikabaki na kamba yangu nyembamba ya vumbi mbele. Nikafagia hiyo. Walinisubiri.